Ufunguo wa pili: namna ya kumwonyesha mwenzako kwamba umekusudia kukaa naye

Usiku mke wangu aliposhikwa na uchungu wa mtoto wetu wa pili, mimi nilikuwa mji wa Faza, kisiwa cha Pate, na ufunguo wa kasha ulikuwa mfukoni mwangu.

Ndani ya kasha mlikuwa na kadi yake ya kliniki, kitambulisho chake, na shilingi 14,000 tulizoweka kwa ajili ya siku hiyohiyo. Niliviweka mwenyewe na kufunga mwenyewe, nikaona ndio uangalifu wa mwanamume. Maji yalikuwa yamekupwa. Mkanda, ule mkondo wa katikati ya mikoko tunaopitia kutoka Pate na Faza kuja Amu, mji wetu wa Lamu, ukikauka boti haipiti. Unangoja maji yajae, na kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita. Nilikaa gatini na simu sikioni.

"Shemeji, kadi iko wapi?"

"Imo kashani."

"Na kasha limefungwa, shemeji."

Tulirudia maneno hayo mara tatu na dada yake, kana kwamba mmoja wetu angepata jibu jingine. Mwisho kaka yao alichukua nyundo akavunja komeo.

Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi, na sasa ana miaka tisa. Lakini nilipofika alfajiri nikaliona lile kasha la msaji, alilorithi kwa bibi yake, limebanduka ubao wa mbele, nilijua nimemtendea nini. Nilimpenda usiku ule kama ninavyompenda leo. Idi iliyokuwa imepita nilimnunulia mkufu. Mapenzi yalikuwepo, mkufu ulikuwepo, na kadi ya kliniki haikupatikana.

Mimi ni nahodha wa boti. Navusha abiria kati ya Amu na Mokowe, na mara mbili au tatu kwa wiki napeleka watu na mizigo Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Nimeoa miaka kumi na minne. Jina la mke wangu silitaji, ndiyo desturi yetu, ila yote haya ameyasoma kabla sijayatoa, na pale alipotia alama nimesahihisha. Naandika kwa sababu kila msimu wa harusi nawaona vijana wetu wanajua vizuri namna ya kulionyesha penzi mbele za watu: sare za leso, picha, maneno matamu ya kwenye simu. Hayo ni furaha na furaha ina mahali pake. Mimi nataka kueleza upande wa ndani ya mlango, ambao hakuna anayekupigia picha ukiufanya. Kipimo changu ni swali moja tu: nikiwa sipo, kwa siku moja au kwa kuondoka kabisa, mwenzangu atakwama wapi? Kila nikipaona pahali hapo, napafungua.

Anzia kwenye kasha

Chonga ufunguo wa pili. Fundi anakuchongea ukingali umesimama pale mlangoni pake. Ukishaupata, mtie mwenzako mkononi; usimwambie tu "upo pale juu". Kumpa mkononi kuna maana yake, na utaiona usoni mwake. Kisha achaguliwe mtu wa tatu mwaminifu anayejua karatasi ziko wapi. Kwetu ni dada yake, yule yule wa simu ya Faza.

Halafu karatasi zenyewe. Sisi tunaziweka kwenye kidaka, ile rafu iliyochongwa ukutani, cha juu chumbani. Vile vidaka vya chini havifai, kwa sababu kuta za mawe ya tumbawe hunyonya unyevu na karatasi hushika koga kabla ya mwaka kwisha. Tumenunua bahasha ya plastiki yenye zipu, kubwa, na ndani yake mna vivuli vya vitambulisho, hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, makaratasi ya boti, na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono: aina ya damu ya kila mmoja wetu, dawa ambayo mwili wa mke wangu hauipokei, na namba za simu za watu kumi. Namba ziandike kwenye karatasi. Simu yangu imeshaingia majini mara mbili, na mara ya kwanza nilijikuta sijui hata namba ya mke wangu kwa moyo.

Hati ya ndoa naomba uifuatilie kwa makini. Wengi wetu tulifungishwa nikaha msikitini, tukala biriani, na karatasi ikabaki kwa sheikh aliyetufungisha. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, na ya Kiislamu imo. Mwanamke anayefiwa na mume akiwa hana hati anaanza kuthibitisha kwamba aliolewa, tena akiwa kwenye eda. Hilo si la kumwachia.

Na bima ya afya. Tangu Oktoba 2024 SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ndiyo iliyoshika nafasi ya NHIF, ile bima ya taifa ya zamani. Usidhani mkeo na watoto wameingia kwa sababu wewe umeingia. Kila mmoja anapaswa kusajiliwa na kuunganishwa nawe kama mtegemezi wako. Unaweza kuanza kwa simu yoyote kwa kupiga *147#. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Sisi tusio na mshahara tunakadiriwa kulingana na hali ya nyumba, haipungui shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima. Mimi yangu nailipa wakati wa upepo wa Kaskazi, wageni wakiwa wengi na boti ina kazi, kwa sababu msimu wa upepo mkali wa Kusi ukishaanza najua mfuko utakavyokuwa.

Andika kilicho chake

Hapa ndipo nataka ukae na mimi zaidi, kwa maana hapa ndipo watu wazuri wanapowadhulumu wanaowapenda bila kukusudia.

Mashine ya boti yangu ya kwanza ilikufa katikati ya Kusi. Fundi alinionyesha pistoni ilivyokwaruzika, akatikisa kichwa. Yamaha iliyotumika, ya nguvu 40, ilikuwa shilingi 240,000. Mimi nilikuwa na 144,000. Mke wangu hakusema kitu usiku ule. Asubuhi nilimkuta uani kando ya birika, lile tangi letu la maji, anavua bangili zake kwa sabuni. Alivishwa na mama yake siku ya harusi na hazikuwahi kutoka tena. Mkono ulikuwa umenenepa kidogo tangu hapo. Alizizungusha na kuzivuta moja moja mpaka zote nne zikatoka, akazisuuza povu, akazifuta kwa pindo la leso. Pale zilipokuwa zimekaa pakabaki mviringo wa ngozi nyeupe kuliko mkono mzima.

"Hizi zitakuvusha," aliniambia.

Sonara alitoa 96,000.

Kwa miaka mitatu mashine ile iliitwa yangu. Mimi mwenyewe niliiita yangu. Kisha mwenzetu mmoja wa gatini akafariki, Mungu amrehemu, na katika kikao cha mirathi mjane wake akasema kwamba nusu ya mashua ilinunuliwa kwa pesa zake za mchezo, ule wa kuchangishana kwa zamu. Akaulizwa ana ushahidi gani. Hakuna aliyemkemea wala kumwita mwongo, waliuliza kwa upole kabisa. Hakuwa na jibu. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kununua daftari.

Tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonitisha. Kwa sheria yetu ya mirathi ya Kiislamu, mume akifa na kuacha watoto, mke ana thumuni, sehemu moja ya nane. Na kama wake ni zaidi ya mmoja hugawana hiyohiyo. Tuseme mashine ingali na thamani ileile. Ikihesabiwa yote kuwa yangu, thumuni ya 240,000 ni 30,000. Alitoa bangili za 96,000, akapata 30,000, na wanaogawa wote wamefuata haki kadiri walivyoiona. Amri ya Mungu haina kosa hapo. Kosa ni langu mimi niliyeifunika mali yake kwa jina langu. Sasa iwe imeandikwa: kwanza 96,000 yake inatoka kando, kwa sababu haikuwa yangu hata kidogo. Inayobaki 144,000 ndiyo urithi, na thumuni yake ni 18,000. Jumla anashika 114,000. Baina ya 30,000 na 114,000 pana karatasi moja tu.

Namna ya kuiandika ni hii. Kila pesa mmoja wenu anapoitia katika kitu cha mwenziwe, semeni papo hapo ni nini kati ya mambo matatu: zawadi, mkopo, au shirika. Ikiwa ni zawadi, andika zawadi na usiidai hata siku mkikasirikiana. Mkopo uandikiwe siku ya kulipa. Ikiwa ni shirika, andika ni sehemu ngapi. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni na kuweka mashahidi, nasi tunaisoma kila Ramadhani kisha tunaona haya kuandikiana na wake zetu. Mke wangu pia aliona haya. Alisema, "Tumekuwa wenye duka sasa?" Nikamwambia mwenye duka hunikopesha sukari na ananiandika, na wewe uliyenipa bangili za mama yako sijakuandika. Akanyamaza, akavuta daftari.

Maneno yetu yalikuwa haya, na ukiyataka yachukue: "Mashine ya boti imenunuliwa kwa shilingi 240,000. Mke ametoa 96,000 kutoka katika dhahabu yake. Sehemu mbili kati ya tano za mashine hii ni mali yake." Chini yake tarehe, saini zetu, na saini za mashahidi wawili, mmoja wa upande wake na mmoja wa upande wangu. Ikiwa mali ni kubwa, shamba au nyumba, usiishie kwenye daftari. Nenda kwa kadhi au kwa wakili.

Kuna mambo mawili watu huyakosea. La kwanza ni mahari. Ikiwa mliafikiana sehemu ilipwe baadaye na hujailipa, hilo ni deni lako. Ukifa, baada ya maziko hulipwa madeni, na mahari yake yamo, kabla warithi hawajagawa chochote. Liandike kama deni jingine lolote, na bora zaidi, lilipe ukiwa hai. Mimi nililipa la kwangu kwa mafungu manane, na lile la mwisho nililifunga kwenye leso mpya. La pili ni wasia. Nasikia wanaume wakisema, "Nitamwandikia mke wangu kwenye wasia." Wasia kwa Waislamu hauvuki thuluthi ya mali, na haumpi mrithi kitu zaidi ya fungu lake ila warithi wengine wakiridhia. Mkeo ni mrithi. Ukitaka kumpa kitu, mpe hiba, yaani zawadi, sasa hivi, umkabidhi, awe nacho mkononi huku unamwangalia.

Kwa ndugu zetu wasiofuata kadhi, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inahesabu mchango usio wa pesa: kulea watoto, kazi za nyumbani, kuendesha biashara ya familia. Na nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzako. Isome, si ndefu.

Daftari letu lina ukurasa wa upande wa pili vilevile. Nyumba tunayokaa si yangu. Kwa desturi ya Amu baba humpa binti yake nyumba anapoolewa na mume ndiye anayehamia, nami nilihamia hivyo. Mwaka boriti za darini zilipooza, nilinunua boriti mpya za mkoko, nikalipa fundi na chokaa, jumla 61,500. Naijua nyumba moja ambapo pesa za namna hiyo ziligeuka kuwa dai dhidi ya mashemeji. Kwa hiyo niliandika: "Matengenezo ya dari, 61,500. Hiba kwa mke wangu. Sidai na wanangu hawatadai kwa niaba yangu." Nikawaita kaka zake wawili wakanywa kahawa, nikawasomea. Mkubwa wao hakunijibu neno. Alinitilia kikombe kingine. Tangu siku ile akiwa na jambo la nyumba hupiga simu kwangu kwanza.

Chukua kazi moja, yote

Maji ya mji wetu hutoka kwenye visima vya upande wa Shela, chini ya matuta ya mchanga. Mtaani kwetu huja kwa zamu, na zamu yetu ni usiku wa manane. Mke wangu anapika mahamri ya kuuza. Saa kumi alfajiri lazima awe ameshaanza kusukuma, na bila maji hakuna biashara siku hiyo. Kwa miaka sita ya mwanzo yeye ndiye aliyekuwa akiamka saa nane usiku kusikiliza mfereji, kisha akalala kwa muda wa saa moja na nusu tu, akaamka tena kwa unga wake. Mimi nilikuwa nikisema, "Ukinihitaji niamshe." Nilidhani nimesema neno jema.

Siku moja nilimwuliza ni kazi gani ya nyumba akiifikiria usiku inamkosesha usingizi. Sikumwuliza ni ipi nimsaidie. Alijibu kabla sijamaliza: maji.

Nimeichukua. Naweka kengele ya simu chini ya mto ili asisikie. Nashuka uani bila kuwasha taa, nalaza sikio kwenye mfereji. Kabla maji hayajaja huanza kupumua kwanza, halafu hukohoa mara mbili. Nafungulia birika kwa kitambaa nimekifunga mdomoni mwa mpira, ili maji yasivume na yasiwasumbue samaki. Tuna samaki wadogo mle, watano, wanakula viluwiluwi vya mbu. Watoto wamewapa majina. Likijaa birika nahamia kwenye pipa la jikoni, kisha madumu yake manne ya maji ya kukandia unga, nayafunika na kuyapanga upande wa kushoto wa seredani, jiko lake la makaa, kwa sababu mkono wake wa kushoto ndio anaochotea. Saa tisa na nusu nimerudi kitandani.

Kuichukua yote ndilo jambo lenyewe. Mpira ukitoboka ni mimi ninayeuona na kununua mwingine. Ankara ya maji ni yangu. Nikisafiri, mimi ndiye ninayemtafuta kijana wa jirani na kumlipa, na mke wangu hana haja ya kujua nilimlipa ngapi. Ukimwachia mwenzako kazi ya kukukumbusha, umemwachia nusu nzito. Kwa hiyo usichukue kazi tano ukazifanya kidogo kidogo. Chukua moja ambayo ataisahau kabisa. Mke wangu siku hizi hajui maji yanakuja saa ngapi, na katika yote niliyomfanyia katika ndoa hii, hilo ndilo analowatajia wenziwe.

Yeye naye amechukua yangu. Ni mama yangu, presha na dawa zake na tarehe za kliniki. Nitarudi hapo.

Ukitoka, acha habari

Hii ni fupi. Mtu yeyote ambaye kazi yake humtoa nje usiku, awe nahodha, dereva, muuguzi au askari, aache habari iliyoandikwa. Sisi tuna ubao mdogo nyuma ya mlango, na chaki. Naandika: ninakwenda wapi, nimebeba watu wangapi, maji yatajaa saa ngapi, narudi lini, na jina la nahodha mwingine wa kumpigia nikichelewa saa mbili. Wakati wa bamvu, maji yanapojaa na kukupwa sana, nalazimika kuhesabu sana saa za Mkanda, kwa hiyo naandika na saa ya mwisho ya kupita. Nikifuta safari nafuta ubao. Kabla ya ubao huo mke wangu alikuwa akipanda darini kuangalia taa za boti. Wakati wa Kusi nikichungulia kabla ya kutoka husikia akisema kutoka chumbani, "Yeo pepo kali, umeandika?" Naandika.

Ijumaa alasiri

Mnahitaji saa moja kwa wiki ya kukaa na daftari. Sisi ni Ijumaa baada ya alasiri, boti imefungwa, watoto wako uwanjani Mkunguni wanacheza. Tunakaa mkekani na buli la chai. Kila mmoja anasoma alichoandika wiki hiyo, kisha kila mmoja anauliza swali moja tu: "Wiki ijayo utabanwa wapi?" Hatuchambui tabia ya mtu. Malalamiko yana siku yake, na tumeona tukiyaleta Ijumaa daftari hufungwa haraka. Wiki zenye mambo machache tunamaliza kwa dakika kumi na zinazobaki tunakunywa chai.

Ikiwa mmoja wenu hajui kusoma vizuri, mwenzake amsomee kwa sauti, mtoto mkubwa asiitwe kufanya kazi hiyo. Mambo ya wazazi yabaki kwa wazazi.

Kuhusu simu

Vijana huniuliza kama wapeane namba za siri za simu. Mimi sikubaliani na anayesema kwamba ndiyo dalili ya uaminifu. Nimewaona watu wenye namba za siri za wenzao wakilala macho wazi wakisoma ujumbe wa zamani. Alicho na haki ya kukijua mwenzako ni mambo haya: una akiba ngapi na iko wapi, unadaiwa na nani, na umemdhamini nani. Hayo yanaandikwa daftarini na hayahitaji kupekua. Zaidi ya yote hilo la kudhamini. Ukitia saini ya mkopo wa rafiki umeitia nyumba yako, kwa hiyo mwulize mwenzako kwanza.

Asumini bado ninaleta, Alhamisi jioni, shada la shilingi chache kutoka kwa mama anayeuza njiani. Usije ukadhani daftari limechukua nafasi yake.

Mwenzako akikataa

Atakataa, au atachelewa, na wewe usimlazimishe. Fungua ukurasa wako kwanza: madeni yako yote, hata yale unayoyaonea haya, hata lile la rafiki ambalo hukumwambia. Liache daftari wazi pahali anapopita. Usimwulize ameliona. Mimi niliandika peke yangu miezi mitano, Ijumaa baada ya Ijumaa, nikimsomea yeye akishona kofia na kuitikia "mm" tu.

Mstari wake wa kwanza aliuandika kwa penseli nikiwa Kizingitini. Nilirudi usiku, nikafungua kidaka kuweka pesa za safari, nikauona chini ya maandishi yangu, kwa herufi zake ndogo za kuinama: "Dawa za presha za mama, deni la dukani, miezi minne, 5,850."

Mama ni mama yangu. Miezi minne alikuwa akizikopa kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu aliona mwezi ule wa kwanza boti haikuwa na abiria na hakutaka nitoke siku ya bahari mbaya kwa ajili ya dawa. Mama hakujua. Mimi sikujua.

Jumamosi asubuhi nilikwenda dukani, nikalipa, nikaomba risiti. Nilipofika nyumbani alikuwa anachoma mahamri ya mwisho. Niliukata mstari wake kwa kalamu nyekundu, nikaibana risiti kando yake, na chini nikaandika: "Dawa za mama, kila tarehe 3, nalipa mimi. Kuzichukua na kumpelekea, mke wangu." Aliifuta mikono kwa leso, akasoma, akachukua penseli akabadilisha tarehe 3 ikawa 1, kwa maana tarehe 3 vidonge huwa vimeshakwisha.